Wasifu wa Mzee Ringi na Kona ya Nyuma ya Kabati

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wanafunzi wa marehemu mliosimama kule nyuma mkiitikisatikisa nguzo ya turubai: tunawashukuru kwa kufika. Wasifu huu umeandikwa na familia, na anayeusoma ni shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, fundi redio, ambaye kwa karibu miaka arobaini alitaniwa na marehemu naye akamtania vilevile. Mjane ameagiza usomwe wote bila kurukwa aya. Amesema mumewe hakuwahi kuruka ukurasa wa taarifa yoyote, na mtu mwingine aliporuka alimbaini.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Agosti 1953, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi viatu. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba, na kwa maelezo ya dada yake mkubwa, ambaye tunaye hapa leo, ndiye pekee aliyenyamaza kulia kila alipopewa kiatu kibovu achezee. Baba yao alikuwa na jibu moja kwa wateja waliokuja kulalamika: "Kiatu hakifi katikati ya ngozi. Kinafia pale ngozi inapokutana na soli." Watoto wengine sita walilisikia jibu hilo wakaenda zao kucheza. Huyu wa nne alilishika kama imani, akakua nalo, na akaja kulitumia kwa vitu ambavyo baba yake hakuwahi kuviwazia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1967. Akiwa darasa la tatu aligundua kuwa dawati lake linayumba miguuni, akalifunga kwa waya aliouchukua kwa baba yake. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akamuuliza nani kamruhusu kuharibu mali ya shule, na kama adhabu akamwamuru ayafunge madawati mengine arobaini na moja. Alimaliza kwa Jumamosi mbili, kisha akarudi ofisini kuuliza kama na kiti cha mwalimu mkuu hakiyumbi. Kwa upande wa michezo hakuna la kusifia. Aliwekwa golikipa mara moja tu, na mabao matano yalipita wakati yeye akikagua jinsi mlingoti wa juu ulivyopigiliwa kwenye milingoti ya pembeni.

Baada ya sekondari alijiunga na chuo kikuu mwaka 1974, akahitimu shahada ya uhandisi wa ujenzi mwaka 1978. Jumatatu ya tarehe 2 Oktoba mwaka huo aliajiriwa katika karakana ya majaribio ya chuo cha ufundi, na hapo alibaki kwa miaka thelathini na mitano, hadi alipostaafu.

Kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tukiitikia tu kwa kichwa alipoeleza kazi yake, leo tuieleze vizuri, maana anatudai sikio. Jengo la zege lina nguzo zilizosimama na boriti zilizolala. Pale boriti inapoingia kwenye nguzo ndipo panapoitwa kiungo. Ardhi ikitulia, kiungo hakina habari. Ardhi ikitikisika, nguzo inavutwa huku na boriti kule, na ugomvi wote unaamuliwa pale. Kinachokiokoa kiungo ni ringi, vile vipande vya nondo nyembamba vinavyokunjwa mraba na kuzizunguka nondo nene, ili zege lisipasuke likamwagika. Sasa, kwenye kiungo nondo za boriti na za nguzo hupishana kwa msongamano mpaka kidole hakipiti, na fundi aliyechoka hujisemea: hapa chuma kimejaa, ringi ya nini tena? Anaweka ringi chini ya kiungo, anaweka juu yake, pale penyewe anaparuka. Zege likishamwagwa, hakuna ajuaye. Kosa hilo moja, linalofanywa na watu wazuri wenye haraka, ndilo marehemu alilopigana nalo maisha yake yote.

Pale karakanani alijenga viungo vya ukubwa halisi, akavimwagilia maji, akavisubiri vikomae siku ishirini na nane, kisha akavisukuma na kuvivuta kwa jeki hadi vivunjike. Aliandika vilivyovunjika, akafagia, akaanza kingine. Alivunja viungo mia mbili na kumi na vinne. Mama yake, Mungu amrehemu, aliwaambia majirani: "Mwanangu kasoma miaka yote ile, sasa analipwa kuvunja. Alipokuwa mdogo alinivunjia bure." Darasa la wapiga chapa lilikuwa ukuta wa pili, na mwalimu wao aliandika barua kwamba kila zege linapolia, wanafunzi thelathini wanakosea herufi kwa pamoja. Marehemu alijibu kwa kuomba radhi, na akaambatanisha ratiba ya kuvunja ya muhula mzima.

Jina la Mzee Ringi alipewa na mafundi. Serikali ya mji ilimwazima kukagua majengo, na siku ya kumwaga zege alifika mapema, akalala kifudifudi juu ya mbao, akaupenyeza mkono ndani ya msitu wa nondo hadi begani, akafumba macho, akahesabu ringi kwa vidole: moja, mbili, tatu. Hesabu isipotimia, lori la zege lilirudi lilikotoka. Hakuna fundi aliyempenda siku ile. Lakini fundi huyohuyo alipojenga nyumba yake mwenyewe, simu ya kwanza alimpigia Mzee Ringi.

Tukija kwenye ndoa, hapa ndipo penyewe. Mjane alikuwa mkutubi wa chuo. Walikutana marehemu alipoenda kuazima kitabu akamwambia rafu zake za nyuma zitaanguka. Mkutubi alimwambia asiwe na kisirani. Zilianguka Ijumaa, hakuna aliyeumia, na Jumatatu mkutubi alimtafuta yeye mwenyewe. Jumapili ya tarehe 16 Novemba 1980 alimpeleka nyumbani kumtambulisha kwa wazazi.

Baba mkwe alikuwa fundi ujenzi, naye watu wote walimwita Fundi Mkuu. Nyumba ile ya ghorofa moja aliijenga kwa mikono yake mwaka 1974. Mgeni alikaribishwa chumba cha kulia. Mama mkwe aliketi mahali pake pa siku zote, kwenye kona, ubavuni mwa kabati lake la vyombo, kabati refu la kugusa dari lililochongwa mlemle chumbani na ambalo halingeweza kupita mlangoni bila kukatwa. Kijana alisalimia vizuri. Kisha akainua macho, akaifuata boriti ya dari hadi inapozama nyuma ya kabati, asiyashushe tena.

"Unatazama nini?" Fundi Mkuu akamuuliza.

"Natazama pale boriti inapokutana na nguzo, mzee."

"Umeona nini?"

"Sijaona ringi."

"Ringi zinakaa ndani ya zege. Utazionaje?"

"Ndiyo maana nauliza, mzee. Zipo?"

Fundi Mkuu alikuwa na mengi, ila uongo hakuwa nao. Alikoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Kwenye kiungo hazipo," akasema. "Pale nondo zimejaa. Nimejenga nyumba kumi na tisa hivyohivyo, na haijaanguka hata moja."

"Na ardhi imetikisika mara ngapi tangu uanze, mzee?"

"Haijatikisika."

"Basi bado hatujajua."

Mama mkwe, akijaribu kuokoa mambo, alimuuliza mgeni kama anaongezewa chai. Mgeni akamjibu kwamba angeshukuru zaidi kama mama angehama pale kwenye kona. Fundi Mkuu akasimama. Alisema binti yake haolewi na mtu anayeiombea nyumba yake ianguke, na kwamba mlango ni uleule alioingilia.

Njiani mkutubi alilia kwa hasira. "Si ungesema tu nyumba nzuri?"

"Ni nzuri. Kona ndiyo mbaya."

"Ungedanganya kidogo. Watu wote wanadanganya wakienda ukweni."

"Ningedanganya. Halafu ningelala vipi, nikijua mama yako anakunywa chai pale kila siku?"

Mjane anasema hapo ndipo alipojua ataolewa na mtu huyu, na hapohapo akajua atapata naye tabu. Yote mawili yametimia.

Mwaka mmoja na nusu ulipita, marehemu akituma salamu na Fundi Mkuu akizirudisha kama zilivyo. Mwishowe mkutubi aliwakalisha wote wawili akawaambia: "Acheni maneno. Nendeni mkavunje." Ndivyo ilivyokuwa. Fundi Mkuu alikwenda karakanani na mwiko wake mwenyewe, akajenga kiungo kimoja kwa desturi yake ya siku zote. Marehemu akajenga cha pili pembeni yake, chenye ringi katikati na ncha zake zimekunjwa kuingia ndani. Kisha ikabidi kungoja siku ishirini na nane. Kila asubuhi Fundi Mkuu alikuja na ndoo kumwagilia kiungo chake, hakumsemesha kijana. Wiki ya pili akaanza kukimwagilia na kile cha kijana. Alipoulizwa alisema zege halina kosa.

Jumamosi, tarehe 19 Juni 1982, jeki ilianza kazi, mkutubi na kaka yake wakiwa mashahidi. Kiungo cha Fundi Mkuu kilivumilia kusukumwa mara mbili. Mara ya tatu nyufa mbili zikakatana katikati yake. Mara ya tano zege likabanduka vipande vipande, nondo za nguzo zikapinda nje, na boriti ikainama. Kile cha pili kilisukumwa na kuvutwa mara kumi na nne. Boriti yake ilipata nyufa, hilo marehemu alilisema tangu mwanzo, bora boriti ichoke kuliko nguzo, lakini kiungo chenyewe hakikuachia. Fundi Mkuu aliinama akavitazama vipande. "Mashine hii na tetemeko, kipi kibaya?" akauliza. "Tetemeko, mzee." Akaokota kipande cha zege lake, akakitia mfukoni, akaondoka. Jumatatu akatuma ujumbe kwamba kijana aje na wazee wake.

Mahari ilizungumzwa kwa dakika kumi. Mazungumzo juu ya nyumba yalichukua siku mbili. Chini kulikuwa na viungo kumi na viwili, na marehemu alitaka kuvivisha vyote koti, yaani kuvizungushia nondo na ringi mpya na kumwaga zege juu yake. Fundi Mkuu alikubali kumi na moja.

"Hiki cha kona ya chumba cha kulia niachie."

"Mzee, cha kona ndicho huumia kwanza. Kina boriti pande mbili tu, hakina wa kumwegemea."

"Kijana, umenichukulia binti, umenichukulia nyumba. Niachie kona moja."

Marehemu alitamani kubisha, lakini ukweni hakuna kubisha mara mbili. Viungo kumi na moja vikavishwa, Fundi Mkuu akisimamia kwenye kiti na kukosoa kila karai la zege. Harusi ilifungwa Jumamosi, tarehe 12 Februari 1983. Maharusi walisafiri wiki tatu, safari ambayo marehemu aliiita fungate na mjane hadi leo anaiita semina, kwa sababu mchana bwana harusi alikuwa darasani akisomea matetemeko.

Waliporudi, kabati lilikuwa palepale, na mama mkwe palepale ubavuni mwake. Toka hapo marehemu hakupata raha katika chumba kile. Nje ya kona hiyo ukuta wa jirani umebana hata panya hupita ubavu, na ndani limesimama kabati, kwa hiyo hapakuwa na njia ya hata kuitazama nguzo. Fundi Mkuu alipofariki mwaka 1996, marehemu alingoja mwaka mzima kwa heshima, kisha akaomba ruhusa ya kuhamisha kabati. Mama mkwe akasema hapana. Akaomba tena mwaka uliofuata. Alijaribu na njia za pembeni. Alileta seremala wa kulipiga vanishi bure. Alidai amesikia panya. Mwaka 2004 aliazima kwa daktari wa meno kile kioo kidogo chenye mpini, akakifunga kwenye ufito, na shemeji yake, ambaye ndiye anayewasomea, akamshikia tochi. Mkono ulinasa nyuma ya kabati hadi kwenye kiwiko. Mama mkwe alitokea jikoni, akamtazama mkwewe aliyebanwa ukutani, akamwambia kwa upole: "Ukimaliza, baba, chakula kiko mezani."

Watoto wake watatu walikua wakijua kwamba kwa bibi hawakai upande wa kabati. Wajukuu wakarithi sheria hiyo. Bibi mwenyewe hakuhama. "Mimi nitakaa hapa," alisema, "hapa pananifaa." Marehemu alimwona mama mkwe kuwa mtu jasiri kuliko wote aliowahi kuwajua, na pia mbishi kuliko wote, na aliyasema yote mawili nyuma ya mgongo wake. Alipostaafu mwaka 2013 alihamia na mkewe katika nyumba ile. Watu walimsifu kwa kumtunza mama mkwe. Alimtunza kweli, kwa mikono miwili, ila sisi tuliomjua tulijua pia kwamba amehamia karibu na ile kona.

Maradhi yalimwanza mwaka 2017. Moyo ulitanuka, miguu ikavimba, akawa anapanda ngazi kwa vituo. Daktari alipomwonyesha picha ya moyo wake, alimuuliza ufa umeanzia wapi. Februari mwaka huu alilazwa wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, na siku ya kwanza alimwambia muuguzi kwamba jengo lao ni zuri isipokuwa ngazi za nyuma. Wanafunzi wake walimtembelea mpaka muuguzi akawapangia zamu.

Jumapili, tarehe 10 Machi, mama mkwe alipelekwa hospitali kwa kiti cha magurudumu. Marehemu alimshika mkono. "Mama," akasema, "mimi sitakuwepo kuwahamisha. Niruhusu sasa, wanafunzi wangu wapo, watalifungua kabati kwa siku moja." Mama mkwe alimtazama sana. "Pona kwanza," akamwambia. "Ukitoka hapa tutalihamisha pamoja, mimi na wewe. Naapa." Marehemu alifurahi hata akala. Jioni alimwagiza mkewe hivi: "Ila nikitangulia, nyumba itajaa watu. Wasikae kona ile. Uniahidi." Akaahidi. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, saa tisa na robo alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Hapa wasifu wa kawaida huishia. Lakini mmekuja mkiwa mmesikia ya juzi, na ni haki ya marehemu yasemwe kwa usahihi.

Alhamisi, tarehe 14 Machi, waombolezaji walikuwa uani chini ya turubai. Saa tatu na nusu mvua ikanyesha, turubai likavuja, na watu wote wakakimbilia ndani. Mjane alisimama mlangoni mwa chumba cha kulia akisema wasikae upande ule, lakini nani atawaambia watu waliolowa wachague kona? Walijaa sitini na mmoja, wakubwa kwa wadogo, na kumi kati yao waliegemea kabati. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Saa nne na dakika ishirini ardhi ikatikisika.

Mtu huyu alilingoja tetemeko hata moja maisha yake yote. Lilikuja siku mbili baada ya yeye kuondoka. Lilidumu, kwa saa ya mwanafunzi wake mmoja aliyekuwa chini ya meza akihesabu, sekunde kumi na tisa. Taa ilibembea, vyombo vyote vya kabati vikamwagika, watu wakaangukiana. Mjane alisimama palepale mlangoni akiitazama kona ya dari, hakukimbia, na anasema alichokuwa akifikiria ni kwamba amevunja ahadi yake na mumewe, na sasa watu hawa wanakufa mikononi mwake. Ng'ambo ya barabara ghorofa tupu la duka jipya, lililokuwa bado halijahamiwa, lilikatika kwenye viungo likaketi chini, na vumbi lake likaingia kwetu madirishani.

Kisha kukawa kimya. Dari ilikuwa juu, palepale. Kabati lilikuwa limejitenga na ukuta kiasi cha shubiri moja na nusu, na mwanafunzi wa marehemu akachungulia nyuma yake kwa tochi. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoa kichwa, alisema: "Hiki kimevishwa koti."

Watu wote wakamgeukia mama mkwe, naye akaomba maji kwanza. Maneno yake tunayasoma kama alivyoagiza yaandikwe:

"Mume wangu alikivisha mwenyewe. Maharusi walipokwenda kwenye ile semina yao, alilibomoa kabati, akaokota mchoro wa mkwewe jalalani, akaufuata mstari kwa mstari. Alikuwa na siku ishirini. Mimi ndiye niliyechanganya zege. Ringi alikunja yeye, ila tatu nilikunja mimi, hizo zilizokaa upande ni zangu. Kabati alilipunguza kwa nyuma ndipo likarudi, ndiyo maana upande ule sikuwahi kuweka sahani, vikombe tu. Akaniapisha. Alisema: kijana kanishinda mbele ya watoto wangu, sitaki anishinde na mbele ya ukuta wangu. Nikaapa. Mara zote hizo mlizoniona nimekaa kwenye kona, nilikuwa nimekaa mahali nilipojenga. Nilichagua heshima ya marehemu mume wangu nikamnyima mkwe wangu raha miaka thelathini na sita. Pale hospitali nilikuwa nimekwishaamua kukivunja kiapo. Ningeweza kumwambia palepale kitandani. Lakini nilitaka aone kwa macho yake, maana huyu neno halimtoshi. Nilikosea. Mkwe wangu, nisamehe. Ringi zipo. Ncha zimekunjwa kuingia ndani, kama ulivyochora."

Ijumaa, yaani jana, wanafunzi walikuja na kile kipimo chao cha sumaku kinachotafuta nondo ndani ya zege, wakapima viungo vyote kumi na viwili. Hawakukuta ufa katika hata kimoja. Kile cha kona kina ringi nane, tano zimekaa sawa na tatu zimekaa upande. Walipomaliza walikaa sakafuni katikati ya vikombe vilivyovunjika, na mkubwa wao, mtu mzima mwenye ofisi yake, alilia kwa sauti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, uongozi wa chuo cha ufundi, darasa la wapiga chapa la zamani lililoleta shada la maua, na jirani aliyeleta turubai hili jipya lisilovuja.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja, mama mkwe, shemeji mmoja ambaye hana tena wa kumtania, wanafunzi ambao hatujui idadi yao, na watu sitini na mmoja waliokuwa katika chumba cha kulia Alhamisi saa nne na dakika ishirini asubuhi, ambao wote wamefika hapa leo kwa miguu yao.

Mungu ampumzishe pema. Lala, shemeji, tumehesabiana na tumetimia.